Sifa za kopie-kole: neno langu juu ya orodha ya Kiswidi inayozunguka



Kuna orodha moja inazunguka kwenye telefoni zetu, na wengi wenu munaijua. Inaahidi kutufundisha maneno matamu ya kumsifu mpenzi kwa Kiswidi. Kila mstari una Kiswidi upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, na vimoyo vyekundu katikati. Mwisho kuna barua nzima iliyoandikwa tayari, wewe unajaza tu jina. Mimi niliipokea mara tatu: kwa jamaa wa promosheni yangu, kwa binamu yangu wa Baraka, na kwa kijana mmoja wa korali. Niliitumia, na ilibaki kidogo nimpoteze mtu ninayempenda.

Ndiyo sababu leo ninataka kuichambua kama vile watu wanachambuaka kitabu ao filamu: ndani muna nini, kipi kizuri, kipi kibovu. Mimi si mwalimu wa Kiswidi, nimesoma agronomi. Mambo mengi ya hapa chini nimefundishwa na yeye mwenyewe, alipokubali tena kuzungumza na mimi.

Mtu wa mbali angeuliza: kwa nini Kiswidi, na si Kifaransa ao Kiingereza? Mtu wa Uvira hawezi kuuliza. Wamisionari wa Pentekoste kutoka Uswidi walifika kwetu mwaka 1921, na kazi yao njo ilizaa kanisa tunaloliita leo CEPAC. Hospitali ya Lemera, kule juu milimani, imetoka katika kazi ile ile, na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2018, alifanya kazi pale akiwa daktari kijana. Halafu vita vikaja. Tangu 1996 watu wa Uvira, wa Fizi na wa milima ya juu wamekimbilia Burundi, Rwanda, Tanzania, na kutoka kambi zile wengine wakapelekwa mbali zaidi. Uswidi ni moja ya nchi zilizowapokea. Kwa hiyo kuna kijana yuko Kavimvira, na mpenzi wake anashuka kwenye basi katikati ya theluji. Orodha hii imezaliwa katika nafasi ile iliyo kati yao, na sishangai kwamba imependwa.

Tuanze na kosa linaloonekana kwa macho, ni la herufi. Kiswidi kina herufi tatu ambazo sisi hatuna: å, ä, ö. Wengi wetu tunafikiri zile alama za juu ni mapambo, kama kofia ya Jumapili. Hapana. Ni herufi kamili, zina nafasi yao mwishoni mwa alfabeti, nyuma ya z. Aliyeandika orodha hakuzipata kwenye telefoni yake, akaziacha. Matokeo yake ni haya: "Du är söt" ni sifa nzuri, maana yake uko mtamu, unapendeza. Orodha inaandika "Du ar sot". Sot ni masizi, ile nyeusi inayoshikaka chini ya sufuria ukipikia makaa. Mstari wa chini, "Jag är kär i dig", nimeshikwa na mapenzi yako, umekuwa "kar". Kar ni pipa, ao beseni kubwa la maji. Kweli, Mswidi atakisia ulitaka kusema nini, kama sisi tunavyomkisia mzungu anayechanganya "kufa" na "kufaa". Lakini ni nani anataka mpenzi wake akisie?

Halafu kuna sarufi. Orodha inasema "min hjärta", moyo wangu. Kumbe Kiswidi nacho kina ngeli! Si nyingi kama zetu, ni mbili tu: majina ya en na majina ya ett. Hjärta ni la ett, kwa hiyo inakuwa "mitt hjärta". Hivyo hivyo kwa sifa: mtu mmoja ni vacker, tabasamu ni vackert, macho ni vackra. Orodha inaandika "Du har vacker ögon", na hiyo ni sawa na kusema "una macho mzuri". Mutaniambia kwamba huku mtaani tunasemaka hivyo hivyo, "macho muzuri", na hakuna anayelia. Ni kweli. Lakini sisi tunavunja sarufi yetu tukiwa nyumbani, na kila mtu anajua ni mtindo wa kwetu. Ukivunja ya wenyewe wakati unajionyesha kuwa unaijua, unachekesha.

Makosa haya ya herufi na ngeli yangeweza kusamehewa, mtu angeyarekebisha kwa dakika kumi. Kosa la uzito wa maneno ni kubwa zaidi. Orodha ina mistari mitatu yenye tafsiri moja, "nakupenda": "Jag tycker om dig", "Jag är kär i dig" na "Jag älskar dig". Namuelewa mtafsiri. Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja, kupenda, na tunakitumia kwa mchumba, kwa Mungu na kwa mikeke ya kukaanga. Lakini kwa Waswidi hayo ni madaraja matatu. La kwanza ni la kupendezwa na mtu. Tena lina mtego: tycka peke yake ni kuwa na maoni, na tycka om inakuwa kupenda pale unapoikazia ile "om". La pili ni la yule aliyeshikwa, asiyelala vizuri. La tatu ni zito, na wengi hawalitoi haraka, wanalitunza mpaka wana hakika. Orodha inaliweka hilo la tatu kwenye mstari wa kwanza kabisa, na inakushauri kulituma kila asubuhi. Ni kama mtu atoe mahari siku ya kwanza ya kuonana, halafu arudi kesho na mahari nyingine.

Kuna neno lingine, "min skatt". Orodha inasema "hazina yangu", na haikosei, skatt ni hazina. Lakini skatt ni kodi pia, ile ya serikali. Ofisi ya kodi ya Uswidi inaitwa Skatteverket, nayo njo inaandikisha wakaaji wote, kwa hiyo mgeni anaanza kupata barua zake mapema sana. Mimi nilimuamsha mchumba wangu kwa "Godmorgon min skatt" siku aliyokuwa na bahasha ya ofisi ile mezani. Alinijibu kwa neno moja: "Nimelipa." Tulicheka siku ile. Waswidi wenyewe wanaitana min skatt bila shida, sisemi ni neno baya. Nasema kwamba kwa mtu aliyefika juzi, maneno mengi ya Kiswidi yamekuja kwanza ndani ya bahasha, na ladha ya bahasha haiondoki upesi.

Hapo nafikia jambo ambalo mtu wa kilimo analiona upesi: sifa ina hali yake ya hewa. Orodha inasema "Du är min sol", wewe ni jua langu. Nilipoisoma nilitikisa kichwa. Nani katika bonde la Ruzizi anasifia jua? Sisi kuanzia Juni mpaka Septemba tunaliangalia likipasua udongo kule Sange na Kiliba, mpunga unangoja maji, mbuzi wanatafuta kivuli. Kwetu ukitaka kumsifu mtu, mwite mvua ya kwanza, ao kivuli cha mwembe. Nikaona orodha imekosea. Kumbe nilikosea mimi. Mwezi wa Desemba, Stockholm, jua linazama kabla ya saa tisa za mchana. Aliniambia kwamba jua likitokea siku moja ya Januari, watu wanasimama nje, wamefunga macho, nyuso juu. Kule kumwita mtu jua ni kumwambia kwamba amekuja wakati wa shida. Kwa hiyo mstari huu ni mzuri sana, lakini unafanya kazi kule tu. Usiutafsiri umpelekee msichana wa Luvungi mwezi wa nane.

Kinyume chake kipo pia. Kwetu mtu akikaa muda bila kukuona anasema: "Eh, umenenepa!" Hiyo ni furaha. Maana yake unakula, umetulia, ugonjwa ulikupita. Nilimwambia hivyo kwa video na akatabasamu, kwa sababu nilisema kwa Kiswahili na alisikia ndani yake sauti ya shangazi zake wote. Baadaye nilimuuliza, ingekuwaje nikisema kwa Kiswidi, "Du har blivit tjock"? Alishika kichwa. Aliniambia: "Hapo rafiki zangu wa huku wangeniambia nikuache." Ni maneno yale yale, lakini kwa Kiswidi yanakuwa matusi.

Nisiwe mchambuzi wa kubomoa tu. Orodha ina mambo mazuri. Imetufundisha "sötnos", neno la kumbembeleza mtu, na ukilipasua unapata "pua tamu". Nimelipenda sana, juu linaonyesha kwamba hata watu tunaosema ni wa baridi wanachezaka na maneno wanapopenda. Imeleta pia "hjärtat", ambalo wanaitumia kama mpenzi, na ambalo liko karibu sana na motema ya Kilingala tunayoisikia kila siku kwenye rumba. Na imetupa vijana wengi hamu ya kujifunza lugha ambayo shule zetu hazitufundishi. Hiyo si kidogo.

Lakini imeacha kitu ambacho ningekiweka mbele. Waswidi wakimaliza kula wanamwambia aliyepika "Tack för maten", asante kwa chakula. Wakikutana tena na mtu waliyekuwa naye siku iliyopita, wanasema "Tack för senast", asante kwa mara ile. Ni shukrani ndogo, za kila siku, na mtu wa Uvira anazielewa papo hapo, kwa sababu sisi nasi tunasemaka "pole na kazi" na "asante kwa kupika". Orodha nzima haina shukrani hata moja. Ni macho, midomo, nywele, uzuri, uzuri tena. Ukiisoma mpaka mwisho hujui kama huyo mpenzi anafanyaka kazi, anachoka, ao anapenda kucheka. Hayo maneno yanafaa kwa mwanamke yeyote, kwa hiyo hayamgusi hata mmoja.

Na hapo njo niliangukia.

Ile barua ya mwisho niliituma yote, kopie-kole, usiku mmoja wenye mtandao mzuri. Upande wa Kiswahili ulisema: "Nataka kuishi na wewe milele." Nikaona ni sawa, ni kweli, njo ninachotaka. Upande wa Kiswidi sikuweza kuusoma. Ulisema: "Jag vill leva mitt liv med dig i Sverige." Sverige ni Uswidi. Yaani: nataka kuishi maisha yangu na wewe huko Uswidi.

Hakujibu siku ile. Siku ya pili alipeleka telefoni yake kwenye kozi yao ya Kiswidi kwa wageni, ile wanaiita SFI, akamuonyesha dada mmoja wa Bukavu wanayekaa benchi moja. Yule dada akafungua telefoni yake. Alikuwa na barua ile ile, neno kwa neno, na macho yale yale, kutoka kwa kijana mwingine kabisa.

Usiku alinitumia vokali, fupi: "Weye unanipenda miye, ao unapenda Sverige?" Halafu kimya cha wiki tatu.

Nilikasirika kwanza. Nikasema ni kiburi cha Ulaya. Lakini nilipoirudia orodha kwa macho yake, nilielewa. Yule dada wa Bukavu na yeye wako katika nchi ambako kila karatasi ni ombi: ombi la kukaa, ombi la nyumba, ombi la kuunganishwa na familia. Wanajua harufu ya ombi. Sifa inayokuja kwa lugha ya nchi unayoitamani, kutoka kwa mtu ambaye hajui lugha hiyo, na jina la nchi limewekwa mwishoni, inafanana sana na ombi. Imejazwa kama fomu, hata nafasi ya jina ilikuwa imeachwa wazi.

Sitadanganya. Nimewazaka Ulaya. Nani kati yetu hajawaza? Nina lisansi, na kazi ninayoifanya ni kuuza mbegu na dawa za mimea, siku nyingine nauza, siku nyingine nahesabu nzi. Mtu akiniambia kesho nipande ndege sitamuambia nina homa. Kwa hiyo swali lake halikuwa la uonevu. Lilikuwa la haki, na mimi nilikuwa nimelijibu vibaya bila kujua, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Hili njo kosa kubwa la orodha, na herufi ä na ö hazitalitibu. Hata ikisahihishwa na profesa, bado itakuwa inatufundisha kusifu bila kuangalia. Mtu akisema kwa lugha yake anaona aibu kidogo, anatafuta neno, anasita. Aibu ile ni ya maana, inaonyesha kwamba amesimama mwenyewe nyuma ya neno lake. Lugha usiyoijua inakuondolea aibu yote. Nilimwambia "mitt allt", wewe ni kila kitu changu, bila hata kumeza mate. Kwa Kiswahili singeweza kusema hivyo kabla ya kukaa kimya kidogo na kujiuliza kama ni kweli.

Wiki ya tatu nilimwandikia kwa Kiswahili cha kwetu. Sikuweka macho wala midomo. Nilimwandikia juu ya Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kuingia katika nyumba za watu. Wakati ule alikuwa bado hapa, hajamfuata mama yake. Nilimuona asubuhi akitoka kwenye tope, mashine ya kushona ya nyanya yake juu ya kichwa, mkono mmoja umeishikilia, mkono mwingine umemshika mtoto wa jirani. Alikuwa anamuimbia yule mtoto ili asiangalie maji. Nilimwambia kwamba siku ile sikumjua jina, na kwamba tangu siku ile, kila nikisikia neno "nguvu" naona shingo yake ikiwa imesimama chini ya mashine ile. Nikaomba msamaha kwa barua. Nikasema kwamba ile "i Sverige" sikuiandika mimi, lakini niliituma mimi, kwa hiyo ni yangu.

Alijibu kwa vokali ya dakika kumi na moja. Siwezi kuwaambia yote. Alisema kwamba kule hakuna mtu hata mmoja anayejua habari ya mashine ile, na kwamba alikuwa ameanza kuisahau yeye mwenyewe. Alisema pia kwamba Kiswidi ana nacho kutwa nzima: kazini, kwenye basi, kwa mwalimu anayemwambia "Vad duktig du är" kama mtoto wa shule ya msingi aliyemaliza kuchora ng'ombe. Duktig ni hodari, neno zuri, lakini mtu mzima akiliambiwa kila siku anachoka. "Jioni", akasema, "nataka mtu anisemeshe nikiwa mtu mzima."

Je, ninasema tuache kujifunza Kiswidi? Hapana. Sasa njo ninakijifunza kweli, polepole, yeye akinicheka. Juzi alifaulu mtihani wa kozi yake, nikamwandikia maneno saba tu: "Jag är stolt över dig", ninajivunia wewe, kisha "bra jobbat", umefanya kazi nzuri. Vidoti vyote vilikuwa mahali pake, na jambo lilikuwa limetokea kweli. Alinirudishia moyo mmoja, na picha ya cheti.

Nimewaza pia juu ya wale Waswidi wa 1921. Walipotaka kuwaambia babu zetu kwamba wanapendwa na Mungu, hawakugawa orodha ya Kiswidi. Walijifunza Kiswahili, wakahubiri kwa Kiswahili. Sijui walikosea ngeli mara ngapi, lakini walikaa, na waliwaangalia watu waliokuwa mbele yao.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya orodha ni hii. Chukua sötnos, chukua hjärtat, na jua litunze kwa mwezi wa Desemba. Ongeza tack. Rudisha herufi zote. Ile barua ya mwisho ifute, hata kama umeisahihisha. Na kabla ya kutuma lolote, uliza jambo moja: je, kuna kitu hapa ambacho ni mimi tu nilikiona kwake? Kama hakuna, ngoja kwanza. Kiangazi chao saa zetu zinalingana, na wakati wa baridi yao sisi tunawatangulia kwa saa moja tu. Muda wa kufikiri upo.